Kandege Juu ya Bafu la Mama Naliaka

Wafula mwanangu,

Salamu za barua naziruka, maana bado tunalala chini ya bati moja na asubuhi nimekuona ukinywa chai. Umeenda kuwaaga watu wa kwaya, na mimi nimefunga mlango nikakaa na karatasi hizi. Unajua niliacha shule darasa la tano, kwa hivyo ukikuta neno limepinda, lisome hivyo hivyo lilivyopinda. Sikutaka mtu mwingine aniandikie. Mambo haya yakipita kwa mkono wa mtu, kesho kutwa yako sokoni Kimilili yanapimwa kwa mkebe wa gorogoro.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala soksi, wala ati usile vya watu usiowajua. Hayo nimekuambia mpaka ukawa unaitikia kabla sijamaliza. Naivasha unakokwenda kuna baridi, utaijua mwenyewe. Nataka kuandika lile jambo ambalo mimi na wewe tumekuwa tukilizunguka kama kuku wanaozunguka nyoka. Nikianza, unasema, "Haidhuru, mama." Ukisema haidhuru, mimi nanyamaza haraka sana, kama mtu aliyesamehewa deni. Na hujanisamehe. Umenihurumia tu, na hayo ni mambo mawili.

Jana nilikuona ukifunga sanduku. Uliweka nguo, viatu, Biblia ya baba yako. Ile kofia ya studio ya picha ulikofanya kazi uliiacha kwenye msumari. Nikakuuliza, "Na hii?" Ukasema, "Huko naenda kufunga maua, mama. Maua hayataki mtu wa kamera." Ukacheka. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja na kale kandege kutoka Kitale? Ulikaweka mezani kama mtu anayeweka yai. Mabawa yake manne nikayagusa kwa kidole. Ukakarusha hapo uani, ukanionyesha kwenye simu nyumba yetu kutoka juu, na jiko, na mimi mwenyewe nimesimama mdogo kama punje ya mtama. Nilijivuna, sitasema uongo. Nilisema moyoni, mtoto wangu ameshika kitu ambacho hata mwalimu mkuu hajashika. Nikakuambia urushe mpaka kanisani watu waone.

Ukakataa. Ukasema, "Mama, hii si tiara. Hii ina namba kama gari, imesajiliwa, na mwenye studio ana kibali. Huwezi kuipitisha juu ya boma ya mtu kama hajakubali. Na picha ya mtu ni yake."

"Picha ni yake na wewe ndiye umepiga?"

"Ni yake, mama. Hata kama amesimama tu kwa shamba lake anachimba viazi."

Nikacheka sana. Nilisema hizo ni sheria za Nairobi, zimetungwa na watu wenye kuta na mbwa. Huku kwetu nani asiyejua mwenzake amepika nini? Lakini wewe ulizishika. Kila ulipoitwa kupiga picha za mazishi, ulikuwa ukitangulia siku moja kabla, unapiga hodi kwa majirani mmoja mmoja. "Kesho nitapita juu yenu kidogo, mtaniruhusu?" Akina nyanya walikupenda kwa hiyo adabu. Kuna yule aliyekujibu, "Pita, mjukuu, lakini ukipiga picha ya choo changu utakijenga upya." Watu walicheka wiki nzima.

Ndio maana inaniuma. Sheria ulikuwa unaijua. Adabu ulikuwa nayo. Mtu aliyekuharibia alikuwa ndani ya nyumba.

Nitakuambia vile hofu iliingia, si kwa kujitetea. Baba mdogo wako Barasa alikuwa amekwenda kwa akina Naliaka mara mbili kupeleka maneno ya posa yako, na mara zote mbili alipewa kiti na chai. Mimi nikaanza kuhesabu wajukuu. Ndipo nikaenda Kimilili kuuza maharagwe, na yule mwanamke anayeuza samaki wa omena akaniinamia sikioni. "Mama Wafula, nyinyi mnapeleka maneno, wenzenu wanapeleka ng'ombe. Kuna mtu wa Kitale mitamba yake imefungwa nyuma ya nyumba ya mama Naliaka. Mtaachwa na chai yenu."

Mwanangu, maneno yale yalinikalia kifuani kama jiwe la kusagia. Unajua mila yetu: mazungumzo yakianza, mama wa kijana hakanyagi kule mpaka aitwe. Na kumtuma Barasa akaulize ingekuwa kuwaambia wenyewe kwamba wanauza msichana mmoja mara mbili. Basi nikakaa na lile jiwe. Nilikuwa ninaunguza ugali. Mara nikutazame, mara nitazame ng'ambo ya kijito, kwa akina Naliaka. Ulinitazama ukauliza kama ni malaria.

Ukaja Jumamosi na kandege kwa sababu ya mazishi ya kesho yake. Nilipokaona pale mezani, nikajiambia Mungu amejibu.

"Wafula, hebu karushe kidogo kaangalie nyuma ya nyumba ya akina Naliaka."

Ulifikiri ninatania. "Kuangalia nini?"

"Kama kuna ng'ombe wageni."

"Mama, si hiyo ni boma ya mtu? Sijapiga hodi."

"Nani atajua? Dakika moja."

"Sheria hairuhusu. Na mimi pia siwezi. Wale ni wakwe zangu."

"Bado si wakwe! Na kwa hivi unavyolala hawatakuwa!"

Ungeendelea kunikatalia, najua. Ndipo nikatoa ile silaha yangu ya zamani. Nikasema baba yako angekuwa hai angekwenda kwa miguu yake, lakini mimi ni mjane, nina macho ya nani? Nikavuta leso nikajifuta mahali pasipo na machozi. Nilikuona mabega yakishuka. Mabega yako hushuka hivyo tangu ukiwa mdogo, na mimi siku zote nilijua nikiyaona hivyo nimeshinda. Sasa nikikumbuka naona aibu. Mama hatakiwi kujua ni wapi hasa pa kumbonyeza mtoto wake, na kama anapajua, asiguse.

Ukasema, "Dakika moja tu. Na juu sana."

Tulisimama nyuma ya jiko. Kakapanda kakivuma, kakavuka kijito, kakavuka miwa. Ulinishikisha simu tukatazama wote wawili. Niliona paa lao, niliona kahawa yao, niliona kuku wakikimbilia chini ya ghala wakidhani ni mwewe. Ng'ombe alikuwa mmoja, yule yule wa siku zote mwenye baka jeupe, na ndama wake.

"Hakuna mitamba, mama. Umeona? Turudi."

Hapo ndipo pangekuwa mwisho. Sheria ingekuwa imevunjwa, ndiyo, lakini hakuna mtu angekuwa ameumia. Ni mimi niliyesema, "Hizo ndizi zinaficha. Shusha kidogo."

"Mama."

"Kidogo tu!"

Ukashusha. Na nyuma ya ndizi palikuwa na bafu lao. Halina paa, kama letu, kama la kila mtu hapa Bokoli. Mabati matatu na mlango wa gunia, kwa sababu tangu wazee wetu hakuna mtu aliyewahi kuja kwa njia ya juu. Mama Naliaka alikuwa ndani. Alikuwa na sabuni kichwani, macho amefunga. Aliposikia mvumo aliinama, nadhani alifikiri ni nyuki. Kisha akajimwagia maji usoni akatazama juu. Wafula, alinitazama. Yeye hakuniona, aliona tu kitu chenye taa, lakini mimi niliyaona macho yake na nimeshindwa kuyasahau. Hakupiga kelele. Alichukua karai akajifunika kichwa, akaketi chini kwenye tope la maji yake mwenyewe.

Wewe ulitupa rimoti kwenye nyasi ukaugeukia ukuta wa jiko, mikono usoni.

Ulifanya kile mkwe mwema anachofanya. Kwetu mkwe haketi kwenye kiti cha mama mkwe wake, wakikutana kijiani mmoja anaingia kwenye majani ampishe mwenzake. Kumwona vile ni jambo ambalo hata halina jina. Uligeuza uso upesi kabisa, mimi ni shahidi. Lakini kandege hakana mila. Ukiachilia rimoti hakarudi, wala hakaanguki. Kanasimama pale pale hewani kama kamefungwa kamba. Kwa hiyo kadiri ulivyozidi kumheshimu, ndivyo kalivyozidi kumwangalia.

"Kaondoe!" nikakulilia.

"Siwezi kuangalia, mama!"

"Wafula, kaondoe!"

"Niambie wewe! Kako wapi?"

"Kako juu yake!"

Uliokota rimoti kwa kupapasa, paji la uso umelibana ukutani, na mimi nimeshika ile simu nisiyoijua nikikuelekeza kama kipofu na kipofu. "Panda! Si upande, juu! Juu!" Kabla hakajapanda kalizunguka bafu zima, polepole, kama kanatafuta mahali pazuri pa kuketi. Alikuwa bado chini ya lile karai. Hatimaye kakapanda, na kakarudi kwetu kakifuata mstari mmoja ulionyooka, na watoto wote wa ng'ambo wakikimbia chini yake. "Kanaenda kwa kina Wafula! Kanaenda kwa kina Wafula!"

Sijawahi kukuambia habari za mtaa wa Kipsongo vizuri. Ulijua tu kwamba mama yangu aliponichukua kutoka kwa baba yangu tulikaa huko Kitale, akawa anapalilia mashamba ya watu. Tulioga ndani ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Kulikuwa na vijana pale waliokuwa wakitoboa matundu kwa msumari. Tukiziba hili wanatoboa lingine. Nilikuwa msichana anayeanza kuwa mkubwa, na nilijifunza kuoga na kamisi mwilini, haraka haraka, sabuni inakaukia mgongoni. Hivyo ndivyo nilivyooga mpaka nikaolewa.

Nilipokuja hapa Bokoli nikiwa bibi harusi, nyanya yako alinionyesha bafu la majani ya migomba. Niliingia, nikakagua pande zote kwa vidole. Hakuna tundu. Nikatazama juu, nikaona mawingu. Siku hiyo ndipo nilipooga bila kamisi mara ya kwanza tangu utoto. Nilikaa humo mpaka maji yakapoa, na nyanya yako akaita akidhani nimeanguka. Mpaka leo hakuna mahali duniani ninapopapenda kama pale.

Basi kati ya wanawake wote wa kata hii, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Mimi. Nilisema sheria ile ni ya wenye kuta na mbwa. Kumbe mtu aliyeiandika, hata kama hajawahi kufika huku, alikuwa anamlinda mwanamke mwenye kipande cha sabuni na mabati matatu. Siku hizi nikienda kisimani nasikia akina mama wakisema wanaoga wakitazama juu. Wengine wamefunika kwa turubai. Wanasema "kile kitu cha Wafula." Hawasemi kile kitu cha mama Wafula.

Na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Naibu chifu alipoita baraza, nilivaa nguo ya kanisa. Niliketi na akina mama kwenye nyasi. Uliletwa mbele kama mwizi wa kuku. Naibu akasema amepiga simu Bungoma akaelezwa: kurusha kitu kile juu ya boma ya mtu bila ruhusa ni makosa, kupiga picha ya mtu katika siri yake ni makosa mengine, na mama Naliaka akitaka, faili itakwenda kwa polisi na kijana anaweza kufungwa.

Ndipo yule mzee wa kofia ya sufu akasimama. "Kabla hatujahukumu, si tuone hizo picha? Baraza haiamui jambo haijaona."

Wanaume wakaitikia, "Ndio, tuone!" Wengine walikuwa wamekwisha sogea mbele. Niliyaona macho yao, Wafula. Yalikuwa yale macho ya Kipsongo.

Ulitoa ile kadi ndogo ya picha mfukoni. Naibu akanyoosha mkono. Ukaitia mdomoni ukaitafuna. Tuliisikia ikivunjika. Ulipasuka ufizi, ukatema vipande na damu kwenye kiganja.

"Huyu amekula ushahidi!" naibu akapiga kelele. Watu wakacheka, hata waliokuwa na hasira. "Mpeni na chumvi!" mmoja akasema.

Mama Naliaka hakucheka. Alisimama, leso imefungwa mpaka shingoni kama mgonjwa. Akasema, "Mtoto huyu sitamfunga. Alichofanya sasa hivi nimekiona. Lakini kijana hana haja na nyuma ya nyumba yangu. Nataka kujua ni nani alitaka kuona."

Naibu akakuuliza. "Haya. Nani alikutuma?"

Wewe ukasema, "Hakuna. Nilikuwa napima betri."

Nilikuwa umbali wa kama kutoka hapa mpaka zizini. Nilikuwa na sauti. Mdomo hata ulifunguka, mwanamke aliyekaa kando yangu akanigeukia akidhani nataka kuuliza saa. Nikaufunga. Unajua kwetu mwanamke anayechungulia boma za watu anaitwa nani. Neno hilo la uchawi likishakugusa halitoki. Wanakuondoa kwenye kikundi, watoto wanakimbia ukipita, ukifa wanakuzika haraka. Niliogopa neno hilo. Nikaogopa mpaka nikakuachia wewe. Naliaka alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ofisi, alikuwa anakutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Nikainama nikachuma nyasi.

Tuliporudi nyumbani ulikula ugali upande mmoja wa mdomo. Nikataka kusema. Ukasema, "Haidhuru, mama." Mwenye studio akaja kuchukua vitu vyake, akasema ameonywa na kibali chake kimetiwa alama, hawezi kukaa na wewe. Barasa akarudi kutoka ng'ambo na kofia mkononi: mazungumzo yamekwisha. Akasema alitaja kondoo wa kutakasa, wakamwambia bado. Kila jambo lilipoharibika, nilifikiri ni kwa sababu ya kile ulichokiona. Nilijifariji hivyo. Nilisema ni bahati mbaya, ni mila, ni mashine.

Nami nimekuwa nikikuchungulia kabla hata ya mashine. Wacha niandike na hili. Ulipokuwa sekondari nilikuwa nikifungua sanduku lako ukienda kuoga. Ulipopata simu nilijifunza kuifungua, nikasoma kwa kidole neno moja moja, jumbe zako na Naliaka. Ndivyo nilivyojua ana akili, ndivyo nilivyoanza kumtaka awe wangu. Niliita hiyo mapenzi. Labda yalikuwemo mapenzi pia. Lakini mtu anayetazamwa kila wakati hujifunza kitu kimoja tu, kumpa anayemtazama kile anachotaka kuona. Na wewe ulijifunza vizuri kupita kiasi. Mbele ya watu wote ulinipa nilichotaka.

Leo asubuhi, ulipokwenda Webuye kukata tiketi, nilikwenda ng'ambo. Mazungumzo yamevunjika, hakuna mila ya kunizuia tena. Hakuna pia ya kunilinda.

Alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama nikivuka kijito na hakuacha kupepeta.

"Hodi, mama Naliaka."

"Karibu. Leo umekuja kwa miguu?"

Nikapokea hiyo. Nilistahili. Hakunipa kiti, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yakapotea yote. Nikasema, "Ni mimi. Nilimtuma Wafula. Alikataa nikamlilia. Na alipotaka kurudi, ni mimi niliyemwambia ashushe."

Akapepeta mara tatu nne hivi. "Nilijua. Siku ile ile, chini ya karai, nilijua. Kijana hatafuti kitu nyuma ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mama." Kisha akaweka ungo chini. "Ulitaka kuona nini?"

"Ng'ombe. Niliambiwa kuna ng'ombe za mtu wa Kitale."

"Ng'ombe!" Alicheka, lakini si kicheko cha kuingia ndani yake. "Wewe mama. Ungesimama pale kijitoni ukaniita kwa sauti, ukasema, mama Naliaka, una ng'ombe za watu? Ningekutukana, halafu ningekupeleka kila mahali, hata chini ya kitanda."

Nikamwambia nasikitika. Neno lenyewe lilikuwa dogo sana, lilitoka kama kikohozi. Nikamwomba: nitasema mbele ya baraza, mbele ya kanisa, popote, kondoo nitatoa mimi, lakini watoto wasilipie.

Nitakuandikia alichosema kama alivyokisema, maana nimekirudia njia nzima ili nisipoteze hata neno.

Alisema, "Kondoo mimi ningekubali. Wazee wana dawa ya mambo haya, hata mabaya zaidi yametakaswa. Si mimi niliyekataa. Ni Naliaka. Alimuuliza mwanao, wakiwa wawili tu, ni nani aliyemtuma. Akamwambia, 'Ni mimi mwenyewe, nilikuwa napima betri.' Msichana akaja hapa akaketi mahali umesimama. Akasema, mama, anaweza kunidanganya machoni kwa ajili ya mama yake, na atafanya hivyo siku zote. Nikiolewa pale nitakuwa wa pili mpaka nizeeke."

Nilikuwa sijui kwamba alikuuliza. Hukuniambia. Ulinifunika hata huko ambako hakukuwa na baraza, hakukuwa na naibu, hakukuwa na mtu wa kunipiga mawe. Msichana mmoja tu aliyetaka ukweli ili abaki. Wafula, nilipoteza mkwe si kwa kile ulichokiona. Ni kwa kile nilichokifanya nikiwa nimekaa kimya kwenye nyasi, na wewe ukakiendeleza kwa ajili yangu.

Nitasimama kanisani Jumapili. Utakuwa umekwenda, na ni heri, usije ukasimama nawe kunitetea. Wakiniita lile jina, wataniita. Nimekwisha litazama, si kubwa kama nilivyodhani. Mama Naliaka hakunisamehe. Alinisindikiza mpaka kwenye ndizi, basi, akarudi kwa mtama wake. Sikutarajia zaidi.

Kuhusu kamera sijui niseme nini. Usiiache kwa sababu yangu, hilo tu. Sheria uliyoijua ilikuwa nzuri, na mikono yako ilikuwa mizuri, na siku ile ulipotafuna ile kadi ulimlinda mwanamke yule kuliko ofisi yote. Kuna watu wanaofundisha na kutoa leseni. Ukikusanya nguvu huko kwenye maua, utaona mwenyewe.

Sasa ninachokuomba ni kigumu kwako kuliko kwangu. Acha kunifunika. Wenzako wa Naivasha wakikuuliza kwa nini ulitoka nyumbani, usiseme betri. Sema mama yangu alinituma mahali pabaya, nami nikakubali kwenda. Utaje makosa yangu kwa jina langu, na yako kwa jina lako, usiyachanganye. Sitakufa. Kama ungejua vile nilivyopumua niliporudi kutoka ng'ambo, usingenihurumia tena.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa naondoka, mama Naliaka alisema msichana yuko Kitale kwa shangazi yake. Alilisema tu hivyo, akitazama miwa. Nilifika kijitoni nikasimama. Nilitaka kurudi kumuuliza ni mtaa gani, anarudi lini, kama kuna mtu mwingine, kama analia. Maswali yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikavuka.

Wewe unajua shangazi huyo anakaa wapi, au hujui na utatafuta, au utapanda gari la Naivasha na kuacha mambo yakae. Kesho asubuhi sitakuuliza unaelekea upande gani wa barabara. Ukirudi hapa siku moja na mke, yeyote yule, nitauliza jina lake baada ya ninyi kunikaribisha niulize.

Mimi niliyekuzaa,
Mama yako